Mawe Yalipanda Ndege Kabla Yetu

Marafiki zangu wa meza ya vitabu,

Tangu nirudi Goma kila mmoja wenu amenisimamisha njiani na maswali mawili kwa pumzi moja: ilikuwaje kule Walikale, na je, tuendelee kuisaka kadi ya Or? Najua ni lipi linalowawasha zaidi. Nitayajibu yote mawili hapa, na nitayajibu nikiwa na hasira, maana bado sijapoa na sitaki kupoa haraka.

Kwa asiyeujua ugonjwa wetu, nieleze. Kampuni ya ndege ndogo tunayopanda hapa kwetu huwapandisha abiria wake daraja kadiri wanavyosafiri. Unaanza Argent, unapanda Or, unafika Diamant. Fedha, dhahabu, almasi. Katika nchi ambayo watu wanafukuzwa mashambani kwa sababu ya kilichomo chini ya mashamba hayo, mtu fulani alikaa ofisini akaona vyema kutuita sisi abiria kwa majina ya madini, nasi tukashukuru. Mwenye Or ameahidiwa kiti asichoweza kunyang'anywa na mtu yeyote, mzigo wa ziada, na chumba cha kungojea chenye makochi na kahawa. Kwa ahadi hiyo mshairi wetu, mnamjua, alipanda ndege hadi Kisangani, akanywa soda moja uwanjani, akarudi na ndege ileile, ili tu safari zake zitimie. Nasi tulimpigia makofi.

Basi sikilizeni.

Walikale, kando ya lami

Vita vilikuwa vimeifunga barabara ya moja kwa moja inayopita mji wa Masisi, kwa hiyo aliyetaka kutoka Walikale na kufika Goma haraka alikuwa na ndege tu. Ndege yenyewe inatua barabarani. Kuna kipande cha lami kilichonyooka katikati ya msitu. Inaposikika ikija, pikipiki zinasimamishwa, mbuzi wanafukuzwa, wauza ndizi wanavuta mabeseni yao pembeni, na ile ndege inashuka kati ya miti huku majani yakipeperuka nyuma yake kama kuku waliofukuzwa uani.

Hapo ndipo nilipomkuta Mama Gloria. Ni Mnande wa Butembo, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja, ana duka la vitenge, chumvi na betri pale Walikale, na amepanda ndege za kampuni ile tangu zilipoanza kutua. Kadi yake ya Or, daraja lilelile nililokuwa nalo mimi, alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge, karibu na rozari. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili binti yake Gloria alikuwa anafunga nadhiri zake za kwanza za utawa, katika parokia moja ya Goma. Siku hiyo mzazi humshika binti mkono, humfikisha mbele ya altare, na padri anapouliza nani anamtoa, mzazi hujibu mwenyewe. Baba yake Gloria alikwisha kufariki.

"Nisipofika," aliniambia, "ni mujomba wake njo atamutoa. Mutu mwenye anamuitaka Claudine! Miaka yote, Claudine, Claudine. Atamutoa kwa Mungu na jina ya mwingine."

Ndege ilitua. Tukasimama na mizigo yetu. Yeye alikuwa na bidoni, dumu la mawese, kwa ajili ya karamu ya watawa. Ajenti wa kampuni akatujia, kijana mwenye tai na miwani ya jua, akimtazama Mama Gloria kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, utusamehe. Leo nafasi hakuna."

"Nafasi hakuna? Miye niko Or."

"Ninajua, Mama. Uko Or wetu wa zamani. Lakini leo tuko na Diamant."

Mama Gloria akageuka, akatazama huku na huku. "Diamant iko wapi? Hapa ninaona miye, ninaona huyu kaka, ninaona na mifuko."

"Njo ile."

"Njo nini?"

"Mifuko, Mama."

Ilikuwa mifuko ya kasiteriti, yale mawe meusi mazito yanayotoka migodini, imepangwa kando ya lami. Ajenti alitueleza kwa upole, kama mwalimu mbele ya watoto wazito. Mwenye mifuko ile anapeleka mzigo kila siku ndege inapotua. Kila mfuko unahesabiwa kama safari. Kwa hiyo mwenye mawe amekwisha kufika Diamant, na mawe yake yanasafiri kwa daraja lake.

"Kwa hiyo jiwe iko abonné, muteja wa siku zote, kunipita miye," alisema Mama Gloria.

"Mama, jiwe inasafiri kila siku. Na haichelewake."

"Inafungaka mukaba?"

"Tunaifunga na kamba."

Ndipo nilipoona jambo ambalo mngeniambia nimelitunga. Wapakiaji waliingia ndani ya ndege na bisibisi, wakavifungua viti, wakavitoa nje kimoja baada ya kingine ili mawe yapate nafasi. Viti vile vya bluu wakavipanga chini ya kibanda cha bati, juu ya udongo. Ajenti akakipangusa kimoja kwa leso yake, akamwinamia Mama Gloria: "Or wetu, mukae. Kampuni iliwaahidi kiti, na kiti njo hii."

Hakuwa akitania, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Alikuwa na uso wa mtu anayetimiza ahadi. Akatuletea hata kahawa kwenye vikombe vya plastiki, maana kahawa nayo imo katika haki zetu.

Mama Gloria alikaa. Akautafuta mkanda, akaufunga tumboni kwa shida, akaweka mikono juu ya magoti na kusema kwa sauti kubwa: "Pilote, twende."

Wauza ndizi walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliitazama ndege ikikimbia juu ya lami na kuinuka na mawe yake, na machozi yakamshuka moja kwa moja bila yeye kuyafuta. Ndege nyingine ya abiria? Labda Jumatatu, alisema ajenti, kama mawe yatakuwa machache.

Kwenda Pinga, watu watatu juu ya pikipiki moja

Ilibaki njia ya kuzunguka: Pinga, Kalembe, Kashuga, Mweso, ndipo ushuke Sake. Hakuna mtu mwenye akili aliyetushauri kuipita. Tulimpata dereva wa pikipiki anayeitwa Bahati, Mhunde mwenye koti la mvua lililochanika mgongoni, ambaye shangazi yake alikuwa Kashuga na alikuwa na hamu ya kumwona. Mama Gloria alikaa katikati, mimi nyuma, bidoni ya mawese ikafungwa ubavuni.

"Mu ndege yangu," alisema Bahati akiwasha, "Argent, Or, Diamant, wote banakaaka kiti moja. Na muhudumu hakuna. Mutu akisikia njaa, alie."

Tulilala njiani katika kijiji ambacho watu wake walikuwa wametoka kurudi kutoka porini. Walitupa bugari, ugali wa mihogo, na samaki wa mtoni wenye miiba mingi, wakatuomba radhi kwa kukosa chumvi. Mama Gloria, muuza chumvi, aliinama kana kwamba amepigwa kofi.

Ijumaa mvua ilinyesha kwa namna ya msitu ule: matone yanakaa kwanza juu ya majani yakishauriana, kisha yanashuka yote pamoja. Barabara ikawa uji. Kwenye kila daraja la magogo tulishuka, Bahati akavusha pikipiki kwa kuikumbatia kama mlevi, sisi tukafuata tukiwa tumeshikana. Mahali fulani mti ulikuwa umelala njiani na vijana wakaukata kwa panga huku wakibishana juu ya mpira. Tuliposimama pale tukasikia mlio juu ya mawingu. Ndege yetu. Ilikuwa ikirudi Goma na mzigo mwingine.

Mama Gloria akainua uso kwenye mvua. "Ee jiwe!" aliita. "Ukifika, unisalimie mutoto wangu!"

Tulicheka sote, hata wenye mapanga. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kupiga hesabu ya saa zilizobaki na umbali uliobaki, na kicheko kilinikauka.

Kalembe: "Hiyo or iko wapi?"

Jumamosi asubuhi, tukikaribia Kalembe, tulikuta kizuizi: ufito juu ya mapipa mawili matupu ya mafuta, na vijana wenye silaha wakiota moto. Sitasema walikuwa wa nani. Wakati ule kila mlima ulikuwa na wake. Mkubwa wao, mwenye koti la kike la manyoya na bunduki, aliomba vitambulisho.

Mikono yangu ilikuwa imekufa kwa baridi. Nikaingiza vidole kwenye pochi iliyolowa, nikavuta kadi, nikampa. Sikutazama. Kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, ni ya karatasi, imefifia. Ile nyingine inang'aa. Niliyompa ilikuwa inang'aa.

Akaisoma polepole, herufi kwa herufi, kisha akaisoma tena kwa sauti ili wenzake wasikie.

"Membre. Or."

Mwanachama wa dhahabu. Wote wakasimama.

"Uko membre wa or," alisema. "Ya comptoir gani?"

Comptoir ni nyumba ya mnunuzi wa madini. Nikaelewa.

"Hapana, mukubwa. Hiyo ni ya ndege."

"Or ya ndege. Eeh. Mulipeleka yote na ndege, ao mulibakiza?"

"Mukubwa, hatuna or," alidakia Mama Gloria. "Kama tulikuwa na or, tungepita hapa na pikipiki, na hii matope?"

"Mama, watu wa or njo banapitaka na pikipiki. Wenye hawana kitu njo banapiga kelele na magari."

Kila tulichojitetea nacho kilitufunga zaidi. Nguo zetu chafu zilikuwa ujanja. Woga wangu ulikuwa ushahidi. Rozari ya Mama Gloria ilichunguzwa punje kwa punje. Na alipojaribu kusaidia kwa kufungua ncha ya kitenge na kutoa kadi yake mwenyewe, ili waone kwamba ni kadi ya kawaida tu, yule mkubwa alipiga mluzi: "Hata mama! Ni shirika nzima!"

Wakaifungua bidoni. Mmoja akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono ndani ya mawese, akapapasa chini kwa muda mrefu huku ametazama mbinguni kama mkunga. Alipoutoa ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko na hauna kitu. Basi wakayamwaga yote, barabarani, wapate uhakika. Mawese yakatiririka juu ya matope, mazito, mazuri, yakifuata alama za magurudumu. Mama Gloria aliyatazama yakienda.

Jua lilikwisha kupita utosi walipochoka. Yule mkubwa akakaa juu ya pipa, akanigeuzia kadi usoni.

"Sasa unielezee vizuri. Hii karte inakupatiaka nini?"

"Kiti," nilisema. "Kiti ndani ya ndege. Hakuna mutu anaweza kuikamata."

"Hakuna mutu?"

"Hakuna."

Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Hakuwa na ukali tena. Alikuwa na udadisi wa kweli.

"Sasa juu ya nini uko hapa mbele yangu, hauko mu ndege?"

Marafiki, nimesoma vitabu vingi, na nimejibu maswali mengi kwenye majukwaa yenye maji ya chupa. Kwa swali lile sikuwa na neno. Wenzake walicheka, yeye akacheka, Bahati naye, msaliti, akacheka. Wakatufungulia. Kadi ya Mama Gloria alirudishiwa. Yangu mkubwa aliipachika kwenye kofia yake, ikang'aa pale mbele kama nishani, na ninaposikia kampuni ikitangaza kwamba wateja wake wa Or wamo katika kila pembe ya Kivu, najua kwamba angalau kwa hilo haisemi uongo.

Kashuga

Tulitakiwa tuwe tumefika Goma jioni ile. Tuliishia Kashuga, mwanga ukiwa umebaki kidogo juu ya vilima, katika kambi ya waliokimbia vita, kwa shangazi yake Bahati. Anaitwa Mama Furaha. Alikuwa mkulima wa mlimani, mwenye maharage yake na ng'ombe wake wawili. Sasa ana turubai na mafiga matatu. Alitupikia viazi vitamu, akatupa vile vikubwa na kubaki na vidogo, nasi tulipokataa alikasirika.

Bahati alimsimulia habari ya kizuizi, akimwigiza mwenye mkono wa mawese. Mama Furaha akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitu.

"Hata miye niko na karte," alisema.

Ilikuwa kadi ya plastiki yenye picha yake na tundu la kamba. Wasaidizi fulani walikuja, wakampiga picha, wakamwandika mjane mwenye watoto wadogo, wakaandika pia neno moja kwa wino mwekundu: *prioritaire*. Maana yake atahudumiwa kabla ya wengine.

"Sasa ulipata nini?" Mama Gloria aliuliza.

"Niko wa kwanza mu mustari," alisema Mama Furaha, akiigeuza kadi mkononi. "Mustari yenyewe njo haiko."

Mnaniuliza kama kadi ya Or bado ina faida kwa msafiri wa mara kwa mara. Nimekaa na mwanamke ambaye ni wa kwanza katika mstari usiokuwapo. Sitaki kusema kwamba shida yetu na yake ni moja. Mimi nilikosa kiti, yeye alikosa mlima mzima. Lakini mkono unaotoa kadi naufahamu sasa. Ni mkono unaokupa neno badala ya kitu, na unakuandikia neno hilo vizuri, kwa rangi, ili uone haya kuomba kitu chenyewe. Ninyi mnaohesabu safari, hesabuni na hili: aliye juu yenu atakuwapo daima, na siku mtakapofika alipo atakuwa amepanda. Kule Walikale aliye juu ni jiwe. Mtalishinda jiwe kwa kusafiri?

Mama Gloria hakushiriki hasira yangu. Alikuwa akimenya kiazi na kukiacha. "Misa iko saa ine," alisema, yaani saa nne asubuhi.

Mweso, Sake

Tuliondoka alfajiri, umande ukiwa mweupe juu ya malisho. Huko wilayani Masisi ni pazuri kwa namna ya kumtia mtu uchungu: vilima vya kijani kimoja nyuma ya kingine, na juu ya karibu kila kimoja nyumba isiyo na paa. Mimi, niliyezaliwa Kibabi, ng'ambo ya vilima hivyo, nilifumba macho.

Mweso pikipiki ikakata mnyororo, na Bahati akabaki nayo. Palikuwa na lori la viazi likijiandaa kwenda Goma, limejaa watu hadi juu, na dereva alikuwa ameinua mkono kukataa hata kabla hatujafika. Mama Gloria akamwita kwa Kinande. Sijui alisema nini. Nilisikia tu jina la Butembo na jina la parokia. Dereva akashuka, akamwondoa shemeji yake mwenyewe kwenye kabini, akampa Mama mahali pake. Mimi nilipanda juu ya magunia na yule shemeji, aliyenigawia jibini ya Masisi na kunung'unika njia nzima.

Lori lilikwama mara moja, tukalisukuma wote, matope yakaturukia hadi kwenye nyusi. Sake simu zikapata mtandao. Mama Gloria alimpigia mjomba. Nilimwona kupitia dirisha la nyuma akisikiliza, kisha akiushusha mkono.

"Wameanza," aliniambia tuliposhuka. "Wameimba tayari Utukufu."

Goma, mlangoni mwa kanisa

Tulikimbia kutoka lori lilipotuacha. Kanisa lilikuwa limefurika hadi uani. Mlangoni kijana wa protokoli, mwenye utepe wa njano kifuani, alitutazama sisi wawili tulio rangi ya barabara, akatuonyesha hema la nje.

"Mama, mbele kumejaa. Kule ndani ni kwa jamaa."

Nilifungua kinywa nimpe hasira zote za njia nzima, kuanzia lami ya Walikale. Mama Gloria akanishika mkono. Hakuwa na pumzi ya kugombana. Ndani, padri alikuwa amemwita Gloria mbele, na sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti: "Nani anamtoa binti huyu?"

Kisha kiti kikalia, na mwanamume mwenye suti ya kijivu akasimama safu ya kwanza, akakohoa kusafisha koo.

"Ni miye!" Mama Gloria alipiga kelele kutoka mlangoni, kwa ile sauti ya kuita wateja. "Miye njo nilimuzala!"

Kanisa zima liligeuka. Protokoli akarudi nyuma. Gloria alikuwa amevaa nguo nyeupe, amepiga magoti. Hakuruhusiwa kugeuka, nadhani, lakini aligeuka, akainuka, akashuka katikati ya safu za watu, mwendo mrefu, padri akingoja.

"Usinishike, nitakuchafua," alisema mama yake.

Akamshika. Wakaenda pamoja hadi mbele, polepole, kwa sababu viatu vya Mama vilikuwa vinateleza. Mjomba akakaa. Padri akauliza tena, kwa sauti ya chini sasa, na yule mama aliyekuwa na jibu kwa ajenti, kwa mvua na kwa wenye bunduki akasimama pale midomo ikicheza bila neno. Tulingoja.

"Ninamutoa," alisema mwishowe. "Gloria, ninamutoa. Lakini asubuhi mumupatiake chai ya moto, bila ile, kichwa inamuumaka siku yote."

Watu walicheka, na kicheko kile kikageuka vigelegele kabla hakijaisha. Gloria alikuwa analia ameuficha uso kwenye bega la mama yake, na padri, akiwa bado ameshika kitabu, akasema kwenye kipaza sauti: "Tumesikia, Mama. Ya moto."